Samaki wa Bi Sangwan na Mzimu wa Soda Nyekundu

Bi Sangwan alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alidhani amekwisha kuona kila kitu chini ya jua la Mahachai, mpaka asubuhi moja alipochungulia juu ya ua akamwona shemeji yake Wichian, kapera wa ng'ambo ya ua, anamlisha samaki kwa kijiti cha kulia tambi.

Samaki mwenyewe aliitwa Waziri. Mwili wake haukuzidi kidole, lakini mkia! Mkia ulikuwa mweupe wenye pindo la buluu, mpana kama shela la bibi harusi wa kitajiri, na Waziri hakuweza kuubeba. Alishinda amelala juu ya jani la plastiki lililobandikwa ndani ya chupa, anatweta, huku Wichian akimshushia viluwiluwi vya mbu mdomoni, kimoja baada ya kingine.

"Shemeji," Bi Sangwan akaita, "huyo ni samaki au ni mgonjwa?"

"Mkubwa haendi sokoni, shemeji. Analetewa."

"Na akitaka kwenda chooni?"

"Wewe cheka tu. Hiki ni kizazi cha kumi na moja. Baba yake alikuwa wa pili kwenye mashindano ya Nakhon Pathom, huyu atakuwa wa kwanza." Wichian alisukuma miwani juu ya pua. "Na wale weusi wako, bado wako kwenye matanga?"

Weusi wa Bi Sangwan walikaa upande wa pili wa ua, katika safu za chupa za mraba na mitungi ya udongo aliyoipiga namba kwa rangi nyeupe. Maji yao aliyatia majani makavu ya mkungu mpaka yakawa na rangi ya chai. Samaki wapiganaji madume hawakai pamoja, kila mmoja ana chupa yake, na kati ya chupa na chupa huwekwa kadi wasionane. Kadi za Wichian zilikuwa za kununua, zenye kung'aa. Za Bi Sangwan zilikatwa kwenye kalenda za zamani za hekalu, kwa hiyo dume namba tano alikuwa ametazamana na mwezi wa Agosti kwa miaka minne.

Asubuhi aliziondoa kadi kwa dakika chache, wapate kukasirika kidogo, maana hasira ndiyo mazoezi yao. Hapo ndipo yule mweusi, ambaye mgeni angempita bila kugeuza shingo, alipotanua mashavu na kuwasha magamba. Kila gamba lilipata nukta ya kijani, safu chini ya safu, kama punje za hindi bichi. Kwenye shavu palikuwa na michirizi miwili ya kijani, bila tone la wekundu. Ilikuwa kama kuona taa inawaka katika nyumba uliyodhani watu wake wamekwisha kulala. Kisha kadi ilirudi, na taa ikazimwa.

Samaki hao aliwajua tangu utotoni. Mama yake alikuwa mshona makuti ya nipa, naye akawa mshona makuti. Mnipa ni ndugu wa mnazi, ila hauna shina la kujivunia, umesimama kiunoni ndani ya matope na makuti yake yameelekea juu. Katika makwapa ya makuti hayo hukaa maji, pengine kikombe kimoja tu, na katika kikombe hicho dume hupuliza mapovu, akatia mayai ndani yake na kuyalinda. Mama yake alikuwa na sheria moja ya kazi, ambayo mwanafunzi aliisikia kabla hajapewa panga: kwapa lenye mapovu halikatwi.

Miaka kumi na miwili iliyopita vinamasi vya Mfereji wa Tin Pet viliuzwa, vikafukiwa, vikajengwa maghala. Wiki moja kabla ya malori ya mchanga, Bi Sangwan aliingia matopeni na sufuria ya wali, marehemu mumewe Prayun akamshikia mfuniko, wakatoka na samaki kumi na wanane. Hao ndio waliozaa wote waliomo mitungini. Mahali pengine pa Mahachai palikuwa na weusi wa namna yao, lakini wa Tin Pet, wenye michirizi ile ya shavu iliyopinda kidogo mwishoni, hawakuwepo tena popote ila kwa Bi Sangwan.

"Unang'ang'ania matope, shemeji," Wichian alizoea kumwambia. "Mchele unaokula, nani aliuokota porini? Embe lako tamu, mbwa wako asiyeuma, vyote mtu kakaa akachagua. Mimi nachagua mkia."

"Chagua hata pembe. Nimekukataza?"

"Sasa wewe unafanya nini cha tofauti?"

"Nawaacha walivyo."

"Haya. Mwaka jana ulipata watoto wangapi?"

"Kama mia mbili."

"Na chupa unazo sitini. Waliobaki ni akina nani?"

Bi Sangwan aligeuka akazitazama chupa zake. Waliobaki ni waliokuwa na kijani zaidi. Wengine aliwagawa kwa majirani. Hakukusudia, jicho lake tu lilitangulia mkono.

"Aa-haa!" Wichian alipiga paja. "Karibu chamani. Umekuwa mfugaji kama sisi. Bado miaka kumi tu, utanunua kijiti."

Maneno hayo yalimkaa Bi Sangwan kama mwiba wa samaki kooni. Alizunguka na ndoo yake siku nzima akiwatazama weusi wake. Kweli walikuwa wamenenepa. Kweli namba tano hakuwa na hasira kama babu yake. Na yeye magoti yalikuwa yanamlia, watoto wake wa Bangkok hawakutaka kusikia habari ya mitungi. Kama samaki wa Tin Pet walitakiwa kubaki wa Tin Pet, ilibidi wachaguliwe na matope na mvua na ndege, si na mwanamke mwenye mapenzi.

Nyuma ya hekalu, ng'ambo ya tanuri la kuchomea maiti, palikuwa na bwawa lenye minipa thelathini iliyosahaulika. Akamwendea mtawa mkuu, akapiga magoti, akaunganisha viganja, akaomba.

Mtawa mkuu alikuwa mzee mwembamba aliyesikiliza kwa macho yaliyofumba. "Watie," alisema. "Ila mama, bwawa la hekalu ni la viumbe wote. Simzuii mtu kuja kuchuma thawabu hapa, na wewe usimzuie."

"Sitamzuia, Baba Mtawa."

Alipofika getini ndipo alipokumbuka ahadi hiyo itamgharimu nini. Sikukuu ya Visakha ilikuwa imebaki wiki tatu. Siku hiyo Mahachai nzima huwapa viumbe uhuru, ndege, kasa, mikunga, na samaki kuliko vyote. Na samaki hao, miaka yote, walitoka mezani kwa Wichian. Wichian hangeweza kuua, amri ya kwanza ya dini yao aliishika sana. Kati ya watoto mia tatu wa mikia, mia mbili na tisini walikuwa makapi, huyu kapinda, huyu kafifia. Basi aliwauza langoni kwa bei ya chee, wafungwa wanaongoja kuachiwa. Mnunuzi alipata thawabu, Wichian alipata nafasi ya chupa na thawabu kidogo juu yake, na mfereji ulipata kila rangi aliyoikataa. Jike mmoja tu wa chupani akiingia bwawani, madume weusi wasingemwuliza ukoo. Mwakani mashavu yangekuwa mekundu.

Hata hivyo aliwatia. Jozi ishirini na nane. Nyumbani alibakiza wazee wanne waliokwisha sahau namna ya kupuliza mapovu. Kama ni kuharibika, basi hakukuwa na akiba.

Sasa afanyeje? Kuzuia watu aliahidi hatazuia. Kumwomba Wichian asiuze ilikuwa kama kumwomba jogoo anong'one. Alijaribu.

"Shemeji, mwaka huu wapeleke mferejini, si bwawani."

"Mimi nauza, siwapeleki. Mguu wa mteja ni wa mteja."

Bi Sangwan akakaa siku mbili bila raha, halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: alisema uongo, tena kwa maandishi. Alichukua ubao wa kasha la maembe, akauandika kwa rangi ileile ya mitungi: BWAWA HILI LINA MZIMU WA MWANAMKE ALIYEZAMA. Akausimamisha kati ya minipa, akarudi kwake akijisikia mwizi. Lakini hakumzuia mtu. Alimtisha tu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mgeni angesamehewa, lakini si mtu aliyezaliwa Mahachai. Maana watu wa huko wakisikia pana mzimu hawakimbii. Wanakuja na poda.

Kufikia jioni ya siku ya pili vilikwishafika vijiti vya ubani, vigauni vya hariri vimetundikwa kwenye makuti, na wanawake wanne wamechuchumaa wanasugua poda nyeupe juu ya mtungi ambao Bi Sangwan aliusahau ukingoni, wakitafuta namba za bahati nasibu.

"Tisa. Naona tisa."

"Kuna moja mbele yake. Kumi na tisa!"

"Mama Mzimu, ahsante!"

Ilikuwa kumi na tisa kweli, aliipaka mwenyewe miaka saba iliyopita. Bi Sangwan, aliyekuja kuchungulia, alikaribia kusema ni namba ya mtungi wake, lakini alijizuia. Aliyesema mzimu upo hawezi tena kusema mtungi ni wake.

Tarehe moja bahati nasibu ikachezeshwa, ikatoka tisini na moja.

Mtu mwingine angedhani mambo yameishia hapo. Lakini Bi Chalao, muuza supu ya tambi langoni pa hekalu, alikuwa na elimu yake. Yeye namba ya aliyezama huigeuza sikuzote. "Mzimu yuko chini ya maji anatazama juu," alieleza, akikoroga sufuria kwa fahari. "Anachokiona yeye kiko kinyume. Nyie mnacheza kumi na tisa kama watoto." Yeye alicheza tisini na moja, akapata. Na kabla ya kucheza alikuwa ameweka nadhiri mbele ya minipa: akishinda, atamletea Mama Mzimu samaki tisa wazuri na chupa tisa za soda nyekundu, maana mizimu ya Mahachai haijapata kukataa soda nyekundu.

Nadhiri ikitajwa hadharani haina pa kukimbilia. Habari zikamfikia Bi Sangwan kwenye foleni ya samaki wa mvuke. Alirudi nyumbani bila kununua.

Siku ya Visakha aliamka mapema, akajifunga sarong, kikoi chake cha zamani, akachukua kyavu cha mkono na ndoo, akajiketisha chini ya minipa kama mwanamke aliyekuja kupunga upepo. Langoni Wichian alikwisha panga meza. Wafungwa mia mbili walikuwa katika mifuko ya plastiki, na katikati, juu ya kibweta chenye kitambaa cha dhahabu, Waziri mwenyewe. Hakuwa wa kuuzwa. Aliwekwa pale ili watu wasimame. Wichian aliwaita wapita njia kwa sauti tamu: "Mpe uhuru mfungwa, dada! Tazama jicho lake linavyokuomba!" Kisha, kwa kuwa naye ni mwanadamu, alimwachia meza mungu wa bahati akaenda chooni.

Bi Chalao alifika katika dakika hiyohiyo. Alitazama mifuko. Alichagua majike manane, akaona wamenyauka. "Mama Mzimu kanipa tisini na moja," alimwambia shoga yake, "mimi nimpe makapi?" Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cha dhahabu. Akaacha noti mezani, nyingi, kwa heshima, akaondoka na Waziri.

Bi Sangwan aliwaona wanakuja, Bi Chalao mbele, nyuma yake watu kama thelathini, kila mmoja na mfuko wake akitaka kumfurahisha mzimu mkarimu.

"Dada Chalao," alisema akiinuka, "jua ni kali. Pelekeni mferejini, kuna nafasi kubwa."

"Mzimu yuko mferejini?"

"Hayuko..."

"Basi." Bi Chalao alipiga magoti, akaunganisha viganja, akamwaga majike manane kwa mpigo mmoja, kisha akainamisha chupa ya Waziri. Samaki wa kizazi cha kumi na moja, ambaye hajapata kuogelea zaidi ya shibri moja, aliteremka ndani ya maji meusi taratibu, kama kitambaa kilichoanguka kutoka dirishani.

Bi Sangwan alisahau ahadi, alisahau magoti. Akatumbukia.

"Mama yangu! Mzimu kamvuta Sangwan!"

"Amejitupa mwenyewe, mimi nimeona!"

"Anavua! Jamani, anavua samaki wa nadhiri!"

Alikuwa anavua kweli, maji kiunoni, sarong imetuna kama puto, kyavu kinakwenda kushoto na kulia. Jike wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majike wa chupani hawajui kukimbia. Walikuja juu wenyewe wakidhani wanaletewa chakula. Alikuwa na watano ndani ya ndoo alipomsikia Wichian akipiga ukelele langoni, ukelele wa mtu aliyekuta kitanda cha mtoto kitupu. Wichian alifika mbio, zipu haijafungwa vizuri, akatazama maji, akaona kitu cheupe kinapepea chini ya makuti.

"Waziri!"

Naye akatumbukia, na miwani yake.

Chini ya makuti yale palikuwa na mwenyewe. Dume mweusi, mtoto wa namba tano, alikuwa na wiki tatu tu za uhuru, lakini kwapa la mnipa lilikwisha kuwa lake. Hakuona Waziri. Aliona shela linaingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Akawasha taa zote mara moja, kijani kutoka shavuni mpaka mkiani, na wale waliokuwa ukingoni, ambao maisha yao yote walipita nje ya ua wa Bi Sangwan bila kugeuza shingo, walisema "Aaah!" kwa sauti moja. Kisha shela likaanza kutoka vipande. Wichian alipomfikia na kumkinga kwa viganja viwili, Waziri alikuwa na mkia wa kawaida tu, wenye pindo la nyuzinyuzi.

Wichian akasimama matopeni amemshika, machozi na maji ya bwawa vikimtiririka pamoja. "Mmeona?" aliwapigia kelele watu. "Mmeona mzimu alivyomfanya? Hataki! Hataki samaki wa chupani! Kumtia humu ni kumwua, si thawabu, ni dhambi! Rudisheni mifuko! Rudisheni yote!"

Mifuko yote ikarudi vifuani. Wakati huo mtawa mkuu alikuwa amefika, amesimama na mwavuli wake.

"Mama Sangwan," aliuliza kwa upole, "ubao huu nani kauweka?"

Bi Sangwan alikuwa na jike wa sita kwenye kyavu. Alijua kwamba akinyamaza, bwawa limepona. Wichian mwenyewe, muuzaji, alikuwa ameliponya mbele ya watu wote. Neno moja la kweli lingelirudisha kwenye mifuko. Lakini mbele yake palikuwa na mzee aliyemsomea mumewe dua ya mwisho hatua hamsini kutoka hapo, na magoti yake, hata ndani ya maji, yalijikunja yenyewe.

"Ni mimi, Baba Mtawa. Hakuna mzimu. Nilisema uongo, kwa ajili ya hawa weusi. Na ile kumi na tisa ni namba ya mtungi wangu."

Alifumba macho akingoja mawe. Kisha Bi Chalao akavuta pumzi ndefu, kwa huruma.

"Maskini Sangwan. Mzimu kamwambia aseme hivyo."

"Ndivyo wanavyofanya," mwingine akakubali. "Hawataki kusumbuliwa."

"Jamani, nawaambia ni mimi! Rangi ni yangu! Ubao ni wa kasha la maembe!"

"Na tisini na moja nayo ni ya kasha la maembe?" Bi Chalao alimwuliza, kwa ushindi. "Toka majini, dada, utashikwa na homa. Mama Mzimu tumemwelewa. Samaki hapokei. Lakini soda anapokea. Nani ana kifungua chupa?"

Mtawa mkuu alimtazama Bi Sangwan, na kama mdomo wake ulitikisika, alikuwa ameshusha mwavuli. "Mtu akisema kweli asiaminiwe," alisema, "hiyo nayo ni adhabu. Lakini haitoshi. Chupa zote watakazoleta, utaziokota wewe, mama, mpaka mvua ziishe."

Basi ikawa hivyo. Ubao aliung'oa, kesho yake akaukuta umechorwa upya kwa herufi za dhahabu na kupigwa vanishi. Watu walileta soda kwa katoni, kila moja na mrija wake, wakapanga kuzunguka bwawa, nyekundu kwa safu. Samaki hakuletwa hata mmoja. Mwenye thawabu ya samaki alikwenda mferejini, ng'ambo ya barabara.

Ila jike mmoja hakupatikana. Wa nane, mwekundu kama pilipili. Bi Sangwan alimtafuta siku nne, alfajiri na alasiri, na Wichian, ambaye tangu ajali ile alikuwa mpole kama aliyefiwa, alikuja kumshikia ndoo.

"Pengine kafa, shemeji."

"Pengine kaolewa."

Siku ya tano yangeyange mweupe alikuwa amesimama kwenye maji madogo, mguu mmoja, anafikiri. Katika maji yale weusi walipita miguuni pake kama vivuli, hakuwaona. Mara akadona. Kwenye mdomo wake kitu chekundu kiling'aa, kikajipinda mara moja, kikashuka kooni.

Bi Sangwan alijikuta ameruka kwa furaha, papo hapo akaona haya. Aliunganisha viganja akamwinamia yangeyange, kisha akaenda kwa watawa na bakuli la wali na samli kumwombea jike yule mwekundu, ambaye hakumwomba mtu ampake rangi ile.

Mvua zikaja. Bi Sangwan aliosha chupa na kuzipanga katika makasha, na alipopita kati ya minipa alitazama kwapa baada ya kwapa. Katika la saba palikuwa na mapovu, meupe, kama mtu kasahau kuosha sabuni. Chini yake dume alikuwa anakwenda huku na huku, amekonda, ana kovu puani, mkali kuliko wote aliowahi kuwafuga. Huyu Bi Sangwan hakuwa amemchagua. Miezi mitatu baadaye watoto walikuwa na urefu wa ukucha, na alipowamulika kwa kioo kidogo cha kujipodolea waliona sura zao wakakasirika, na mashavu yao madogo yakawaka: kijani, kijani, kijani, na mchirizi umepinda kidogo mwishoni.

"Vipi?" Wichian aliuliza kutoka ukingoni. Alikuwa amekuja na Waziri kwenye chupa, maana siku hizi alitembea naye. Mkia ulikuwa umeota nusu, akaukata mwenyewe kwa mkasi wa kucha, usimlemee tena. Kijiti alikirudisha jikoni. Waziri alikuwa anapanda na kushuka chupani kutwa nzima, kama mtu aliyevua buti za kazi.

"Wa Tin Pet," Bi Sangwan alisema. "Wote."

Wichian akakohoa. Akasukuma miwani.

"Shemeji, nilikuwa nawaza. Kijani kile. Tukikitia kwenye mkia mfupi, safi, wa mtindo wa Waziri wa sasa... Nakuomba jike mmoja tu. Mmoja."

"Wichian!"

"Nusu ya watoto watakuwa wako!"

"Mimi sina samaki tena. Bwawa si langu. Muombe mwenyewe."

Alisema kwa kumkomesha tu. Lakini Wichian, ambaye katika Mahachai nzima hakuna aliyemwamini mzimu yule kama yeye, alikwenda mpaka kwa Bi Chalao, akarudi na soda nyekundu baridi, akatia mrija, akapiga magoti mbele ya minipa na chupa ya Waziri pembeni. Akaomba kwa kirefu, akitaja kizazi cha kumi na moja, na Nakhon Pathom, na mkasi wa kucha.

Bi Sangwan, ndani ya makuti, maji mapajani, alijiziba mdomo kwa kioo chake. Mbele ya pua yake yule dume mwenye kovu alipanda juu, akapuliza povu moja, akaliweka mahali pake, akashuka.

"Mzimu kanyamaza," Wichian akasema hatimaye, kwa matumaini. "Shemeji, kunyamaza si ni kukubali?"

"Hujapata kuoa, wewe," Bi Sangwan akamjibu kutoka minipani. "Acha soda, nenda nyumbani."